Mvua ya Jana

Chururu, kisha kimya.

Utotoni, kila likizo, aliamshwa na sauti hiyo: maji yakimiminwa taratibu kutoka kwenye kopo la shaba kuingia kwenye bilauri nyembamba ya kioo, halafu kimya cha mtu anayeinama kusoma mistari. Dirisha la nyuma lilikuwa karibu na kitanda chake. Bila kufumbua macho aliweza kujua kama mvua ilipita kusalimia tu au ilikuja kukaa. Sauti ikiwa fupi, yalikuwa manyunyu. Ikiwa ndefu, tena ikikatika katikati kwa sababu bilauri imejaa na inabidi imwagwe ianzwe upya, hiyo ilikuwa mvua ya kuzungumzwa hadi jioni.

Mikono iliyomimina ilikuwa ya mama. Kazi ilikuwa ya baba. Hivyo ndivyo ilivyosemwa pale nyumbani, na mtoto hukua na kile anachokisikia kikisemwa. Kipima mvua kilikuwa cha baba, daftari lilikuwa la baba, na kila mwisho wa mwezi baba ndiye aliyeketi mezani, akavaa miwani, akatia sahihi yenye mkia mrefu kama wa tiara. Mama alikuwa anamsaidia baba. Mgeni akimkuta nyuma ya nyumba na bilauri mkononi, mama mwenyewe alisema hivyo hivyo: "Namsaidia mzee."

Mtoto yule alipofika miaka arobaini na sita alikuwa amekaa kwenye ofisi ya takwimu za mvua kwa miaka ishirini na miwili, na maji yale kwake yalikuwa yamegeuka tarakimu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho upande wa kushoto, chenye kabati za chuma zisizofunga vizuri na feni iliyozunguka kama mtu anayekumbuka jambo na kulisahau. Aliingia pale akiwa mpiga chapa. Akajifundisha mengine yote kwa kitabu kinene alichokibeba kwenye mkoba hadi mkoba ukachanika pembe. Aliolewa, na ndoa yake ilidumu miaka sita ikaisha bila kelele, kama manyunyu yanavyoisha, mtu hajui ni saa ngapi yalikoma. Ilimwachia binti mmoja, ambaye sasa alikuwa anasoma mbali na kupiga simu kila Jumapili.

Ofisini walimwita Bi Safu. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kuona kitu kimekaa ovyo akakipita. Vikombe vya chai alivipanga mstari. Viti alivinyoosha. Siku moja walikuja wakaguzi, wakavua viatu mlangoni kwa ajili ya zulia jipya, na walipotoka walivikuta viatu vyao vimepangwa kwa ukubwa, kuanzia cha mkuu wao hadi cha dereva. Mkuu wao ndiye aliyekuwa na mguu mdogo kuliko wote, na habari hiyo ilichekwa mwezi mzima.

Mwaka huo walipewa kazi ya kuyakusanya mavuno ya wasomaji wote wa mvua mahali pamoja. Vituo vilikuwa mia nne na kumi na viwili, na kila kimoja kilikuwa na faili lake, lililopigwa chapa kutoka kwenye madaftari ya zamani. Ndani ya faili mlikuwa na vitu viwili tu, tarehe na kiasi cha mvua kwa milimita. Jina la kituo halikuwemo, kwa sababu liliandikwa kwenye jalada la daftari, na wapiga chapa waliambiwa wanakili kilichomo kwenye kurasa, basi wakanakili kilichomo kwenye kurasa. Lakini hifadhidata, lile ghala ambamo mvua zote zilitakiwa kuishi pamoja, haikukubali mstari usiojitambulisha.

Kwa hiyo Bi Safu aliandika amri moja ya kuyafungua mafaili yote na kuyamimina ghalani kwa mkupuo. Na njiani, kabla mstari haujagusa sakafu ya ghala, amri iliupa kile ambacho haukuwa nacho. Namba ya kituo iliichuma kwenye jina la faili. Jina la msomaji iliuliza kwenye orodha ya vituo. Muda wa kuingia iliutazama kwenye saa ya kompyuta. Palipokuwa patupu iliweka sifuri, maana wasomaji wengi, siku isipokuwa na mvua, hawakujisumbua kuandika kitu. Mstari ulitoka kwao na vitu viwili, ukafika na vitano.

Jambo hili lilimfurahisha kuliko alivyoweza kumweleza mtu. Alipenda kwamba thamani nyingine haziandikwi popote hadi wakati wa kuanguka. Alikuwa akikaa mbele ya kioo cha kompyuta mchana, jua limelala juu ya kabati, akatazama mistari ikishuka, mingi, myepesi, kila mmoja ukipokea jina lake hewani, na mara nyingine alisahau chai yake ikapoa, akasahau hata mahali alipo. Wakati huo usingemwita mara moja akaitika.

"Bi Safu!" mwenzake angeita. "Rudi, mama. Umelowa."

Mwenzake huyo walimwita Radi. Alikuwa mpiga chapa mwenye vidole vizito, aliyegonga vibonye kama anayefukuza panya, na alikuwa amevunja vibao vitatu kabla ya ofisi kuamua kumnunulia cha chuma. Ndiye aliyenakili madaftari mengi kuliko wengine. Alisema amenyeshewa miaka elfu mbili bila kikohozi.

Jumanne, siku mbili kabla ya kupakia kwa mara ya mwisho, mkuu wa kitengo alikuja na karatasi ya majaribio. Alikuwa kijana kuliko wote wawili, mpole, mwenye tabia ya kukaa kwenye pembe ya meza ya mtu akizungumza.

Majaribio yenyewe yalikuwa rahisi. Kila kituo kililinganishwa na jirani zake wawili. Mvua haichagui ua. Ikinyesha huku na huku, katikati nako hupata chochote.

"Dada, hili la mia mbili kumi na nane limenishinda," alisema mkuu. "Jirani zake ni shule na bwawa. Shule inasema mvua ilikuwa Jumanne. Bwawa linasema Jumanne. Hili linasema Jumatatu. Wiki ijayo, vile vile. Mvua inafika kwake jana."

"Labda wao wako karibu na kiwanda," alisema Radi bila kuacha kugonga.

"Kiwanda gani?"

"Cha mvua, mkuu."

Mkuu alicheka, kisha akaacha. "Tatizo si hilo. Lingekosea daima ningelisamehe. Tungelisogeza siku moja, kwisha. Hili kuna miaka linakosea na kuna miaka linapatia. Faili linaloyumba ni bora lisiwepo. Lijaribu, dada, lakini Alhamisi saa nane mchana tunapakia, na lisiponyooka liache nje. Madaftari yake yaende na mengine."

Mengine yalikuwa yanakwenda kwenye lori, na lori lilikuwa linakwenda kiwanda cha karatasi, kusagwa. Ghala lilikuwa linahitajika kwa kazi nyingine.

Bi Safu aliitikia kwa kichwa tu. Mkuu alipotoka, Radi alizungusha kiti.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Usinitanie. Mimi ndiye niliyelinakili. Jalada zima lina jina la mzee wako, na ile sahihi yenye mkia. Miaka thelathini na mmoja ya mtu, unaitikia kwa kichwa?"

"Nikimwambia atanihurumia," alisema Bi Safu. "Sitaki lipite kwa huruma."

"Lipite kwa nini, basi?"

"Kwa kunyooka."

Radi aligeukia kibao chake. "Haya, Bi Safu," alisema. "Jina tulikupa wenyewe, tutafanyaje."

Mchana ule alianza na lililo jepesi. Aliiambia amri: kwa faili hili, kila tarehe ongeza moja. Akaendesha majaribio. Miaka ya mwanzo ikakaa sawa na shule na bwawa kana kwamba watatu walipima kwa mkono mmoja, na moyo wake ukaruka. Lakini miaka ya mwisho, iliyokuwa imenyooka, sasa ilichelewa siku moja. Akaondoa ile moja. Ya mwisho ikanyooka, ya mwanzo ikapinda. Ilikuwa kama shuka fupi: ukifunika miguu, kifua kinabaki wazi.

Kwa hiyo palikuwa na mshono. Mahali fulani ndani ya siku elfu kumi na moja na zaidi, mtu alibadili namna yake ya kuandika. Akaligawa faili katikati, akajaribu. Nusu iliyokuwa na mshono akaigawa tena, na tena, kama mtu anayetafuta sindano kwenye kitambaa kwa kukikunja. Miaka ikawa mwaka, mwaka ukawa miezi. Nje watoto walikuwa wanatoka shule na sauti zao zikapanda ghorofani zikiwa zimechujwa, zimekuwa laini. Akakunja mara ya mwisho.

Mshono ulikuwa kwenye wiki mbili za mwezi mmoja, miaka kumi na miwili iliyopita. Hakuhitaji kalenda kuujua mwezi ule. Juu yake tarehe zilikuwa jana, chini yake zilikuwa leo, na katikati palikuwa na siku kumi zenye tarehe bila kiasi chochote. Katika siku hizo kumi mama alipelekwa hospitali, akafa, akazikwa.

Alikaa akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Umepata?" aliuliza Radi.

"Nimepata," alisema. "Kesho nakwenda kwa baba."

Baba alikuwa akiishi kwenye nyumba ile ile, chumba cha mbele, kwa sababu ngazi za nyuma zilikuwa zimeanza kumshinda. Alikuwa na kiti kimoja cha kukalia, kingine cha kuwekea vitu, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Macho yake yalikuwa yamepata ukungu, ndiyo maana mwaka uliopita alikabidhi bilauri. Ukutani ilining'inia karatasi ndani ya fremu, iliyomshukuru kwa kuwa msomaji mwaminifu wa mvua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo ni siku ya kazi. Wamekufukuza?"

"Bado. Nimekuja kukuuliza kuhusu mvua."

"Uliza. Nina nyingi."

Alivuta kile kiti cha vitu, akavihamishia vitu chini, kwa mpangilio, na baba akasikia vinavyopangwa akatabasamu. Akamweleza yote polepole: faili, shule, bwawa, lori, Alhamisi saa nane. Akamweleza na mshono ulipo. Baba aliacha kutabasamu. Alinyoosha mkono, akazima redio, ingawa ilikuwa inasema kwa sauti ndogo sana.

"Walinipa mimi kwa sababu kiwanja kina jina langu," alisema. "Sikuwahi kupima hata siku moja. Wiki ile ile nikapata ile kazi ya zamu, nikawa narudi alfajiri. Saa tatu ya kupima inanikuta nimelala kama gogo. Nikamwambia mama yako, nisaidie leo. Kesho yake, nisaidie na leo."

"Hadi lini?"

"Mwanangu, wewe umeshanitajia hadi lini."

Barabarani mtu alipita akisukuma kitu chenye gurudumu linalolia.

"Na tarehe?"

"Aliniuliza siku ya kwanza, naandikaje? Nikamjibu nikiwa nimefunika uso kwa shuka: andika mvua na siku yake. Basi. Yeye alikuwa akiisikia ikinyesha. Akipima Jumatano asubuhi maji yaliyoanguka Jumanne, ataandika Jumatano kwa sababu gani? Aliandika Jumanne. Mvua ya jana ni ya jana, alisema. Mimi nilitia sahihi. Kikaratasi cha maelekezo nilikuja kukisoma yeye akiwa hayupo tena, nikaona tulitakiwa kuandika siku ya kupima."

"Ukagundua."

"Nikagundua, nikanyamaza." Alisugua magoti yake. "Ningesema, wangeniuliza nani alikuwa anaandika. Na wakati huo hiyo karatasi walikuwa wameshanipa. Alicheka sana siku ile walipoileta, mama yako. Alicheka hadi akaketi chini. Akaniambia, hongera, mwaminifu."

Bi Safu naye alicheka, kisha akaona machozi yanamjia, akageuka kutazama fremu.

"Kwenye ghala kuna safu ya msomaji, baba," alisema. "Amri inaweza kuijaza kwa kufuata tarehe. Kabla ya siku ile jina hili, baada yake jina lile. Nikikunyamazia, nitaacha liwe lako lote. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Mimi nitajua."

"Andika lake." Baba alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla hajabadili nia. "Karatasi ya ukutani utaitoa?"

"Unataka niitoe?"

Alifikiri. "Iache. Inaziba ufa."

Alipokuwa anasimama kuondoka, baba alimshika kiganja.

"Zile siku kumi," alisema. "Jumapili ile hakuweza hata kuinuka. Nilirudi kazini alfajiri, nikajilaza kidogo, naamka saa nne namkuta kitandani anatetemeka. Tukambeba hivyo hivyo. Kuanzia hapo hakuna aliyekumbuka bilauri. Jumanne ya wiki ya pili ndiyo nilikwenda nyuma, nikakuta kopo limejaa hadi linafurika. Ilikuwa imenyesha wiki nzima. Ningepima hata hayo ya jumla. Nikayamwaga kwenye nyasi."

"Ni sawa, baba."

"Niliyamwaga tu."

Alhamisi asubuhi aliiandika amri upya, kwa faili moja hilo. Kila mstari wa kabla ya Jumapili ile uongezwe siku moja, na msomaji wake awe mama. Kila mstari wa kuanzia Jumapili uachwe na tarehe yake, na msomaji awe baba. Halafu likaja suala la patupu. Kwa mafaili mengine yote patupu palikuwa sifuri. Lakini alirudi kwenye mistari ya mama, akaipitia kwa kidole juu ya kioo, miezi mikavu, miezi ya vumbi, akakuta kila siku bila mvua imeandikiwa sifuri, sifuri, sifuri, hakuna iliyorukwa. Mama aliuandikia hata ukame. Basi katika faili hili patupu hapakumaanisha pakavu. Akaandika: palipo patupu, pabaki patupu.

Akaendesha. Kompyuta ilifikiri kidogo, ikakataa.

"Inasemaje?" aliuliza Radi.

"Inasema siku moja ina mistari miwili."

"Siku gani?"

Aliifungua mistari yote miwili na kuiweka juu na chini. Ilikuwa Jumapili ile. Mmoja ulikuwa mtupu, wa kwanza katika zile siku kumi. Mwingine ulikuwa Jumamosi, mstari wa mwisho wa mama, ambao amri ilikuwa imeusogeza mbele siku moja kama ilivyoagizwa. Ulikuwa na milimita nne nukta mbili.

Aliutazama. Mwanzoni aliuona kama kosa la kufuta, jambo la nusu dakika. Kisha vidole vyake vikatulia juu ya kibao. Mvua ya Jumamosi mama aliiandika Jumamosi, lakini hakuweza kukijua kiasi chake Jumamosi. Ilipimwa saa tatu ya asubuhi iliyofuata. Asubuhi iliyofuata ndiyo Jumapili.

Kwa hiyo aliinuka. Baba amelala, nyumba kimya, mwili wake umeshaanza kumwacha, aliinuka, akashika ukuta, akashuka zile ngazi za nyuma, akamimina. Bi Safu aliona nyasi mbichi, aliona mgongo ulioinama, na kioo kikiinuliwa kwenye mwanga ili mstari usomeke vizuri. Nne nukta mbili. Hakukadiria akasema nne. Aliandika, akafunga daftari, akarudi kitandani kutetemeka. Miaka kumi na miwili mstari huo ulikuwa umekaa kwenye tarehe isiyo yake, na hakuna aliyejua kwamba ndani yake mna asubuhi nzima.

Radi alikuwa amesimama nyuma yake. Alivuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo chumba kilikuwa hakina mlio wa vibonye.

Bi Safu aliiambia amri iuruke mstari mtupu, iupitishe wenye mvua. Siku kumi zikawa tisa. Kisha akachukua simu.

"Baba. Jumapili ile aliinuka."

"Nani?"

"Mama. Alitoka akapima. Tarehe yake ikikaa panapostahili inaangukia Jumapili. Nne nukta mbili."

Upande wa pili redio ndogo ilizimwa.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala, baba. Ulitoka zamu."

"Alivaa nini miguuni?" aliuliza baba. "Chini kulikuwa kubichi."

"Hiyo haikuandikwa."

"Ndiyo," alisema baba. "Ndiyo. Hiyo haiandikwi."

Saa nane kasoro kidogo mkuu wa kitengo aliingia, akaketi kwenye pembe ya meza. Karatasi ya majaribio ilikuwa tayari. Aliisoma, akairudia, akainua nyusi.

"Mia mbili kumi na nane limenyooka," alisema. "Lote. Umelifanya nini?"

"Walikuwa wasomaji wawili, mkuu. Wa kwanza aliandika siku ya mvua. Wa pili aliandika siku ya kupima. Wote walikuwa waangalifu. Nimeiambia amri imtazame kila mmoja kwa siku zake."

"Na hukugusa faili lenyewe?"

"Faili liko kama lilivyo. Kinachobadilika kinabadilika njiani."

"Basi liingie." Alitia alama kwenye orodha yake. "Liingie, dada. Nilikuwa nimeshaliaga."

Ilipogonga saa nane Bi Safu alibonyeza. Mafaili yakafunguka moja baada ya jingine, mistari ikaanza kushuka. Milioni na kitu, mvua za milimani na za tambarare, za shule, za magereza, za bustani za watu waliokwisha kufa, zote zikianguka kwa pamoja bila sauti, kila moja ikichukua jina na siku yake hewani. Radi alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu aliyesimama chini ya baraza akisubiri ipungue. Mia mbili na kumi. Mia mbili kumi na tano. Mia mbili kumi na nane likapita, na katika safu ya msomaji jina la mama likaanza kushuka, likashuka, likashuka, mara elfu saba na zaidi, hata likaonekana limesimama tuli na kioo ndicho kinachopanda. Kisha jina la baba. Kisha mia mbili kumi na tisa.

Ilipokwisha mkuu aliomba aone lile lililomsumbua. Alilifungua, akatelezesha kidole hadi kwenye mshono, akasimama hapo.

"Na hizi siku tisa? Shule ina milimita hamsini siku moja, bwawa lina arobaini. Hapa hakuna kitu. Palikuwa pakavu? Au tuchukue wastani wa jirani zake, tupajaze?"

Bi Safu alitazama ile nafasi nyeupe, ndogo, katikati ya tarakimu zote zile. Alipofungua mdomo, mkuu ilibidi ainame ili amsikie.

"Ilinyesha," alisema. "Ilinyesha kila siku. Sisi ndio hatukupima."